Sura ya 5: Mwezi Gani Mzuri Kwenda Pwani?

Mtu wa bara akishaamua kwamba mwaka huu lazima familia yake ikaogelee, swali la kwanza huwa hilo hilo: twende mwezi gani? La pili hulifuata papo hapo: tukae hoteli ipi? Wengi huanza kujibu la pili. Hufungua simu, hutazama picha za mchanga mweupe na maji ya feruzi yanayogusa ngazi za baraza, hulinganisha bei, hulipa nusu, ndipo huomba likizo kazini. Wanafika usiku. Asubuhi, saa nne, watoto wameshavaa nguo za kuogelea, wanateremka ufukweni na bahari hawaioni. Iko mbali kule, mstari mweupe wa povu, na kati yake na wao kuna uwanda wa mchanga, majani na mawe, na kina mama wanaotembea wameinama wakitafuta pweza. Wakimuuliza mlinzi, atajibu bila wasiwasi kwamba maji yametoka, yatarudi jioni.

Hakuna aliyewadanganya. Picha ilipigwa kweli, pale pale, ila mpiga picha alisubiri maji yajae.

Kwa hiyo sura hii inapindua mpangilio wa kawaida. Tutaanza na maji, tuje kwenye upepo, kisha upande wa pwani, na chumba kitakuja baadaye. Mifano nimeitoa Diani, Watamu, Lamu, Unguja na Mafia, maana mipaka ni ya serikali lakini bahari inayopwa Jambiani ndiyo inayopwa Nyali.

Maji kupwa, maji kujaa

Katika pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, usiku na mchana. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo. Kinachoivuta zaidi ni mwezi, na kwa kuwa mwezi nao huchelewa kuchomoza kila siku, maji pia huchelewa, kwa wastani wa dakika 50. Maji yakijaa leo saa nane mchana, kesho tarajia yajae karibu saa tisa.

Kuchelewa huko ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba kupwa kwa wiki hii si sawa na kupwa kwa wiki ijayo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo wavuvi huziita bamvua. Unguja na Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua inaweza kukaribia mita 4, yaani urefu wa kupita dari la nyumba ya kawaida. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua na wa mwezi hukinzana, na bahari hupanda na kushuka kidogo tu, mita moja au zaidi kidogo. Siku hizo ni za maji mafu.

Sasa sikiliza jambo ambalo hutaliona kwenye tovuti ya hoteli. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Siku za maji mafu saa hizo hubadilishana: asubuhi hujaa, alasiri hupwa, ingawa kupwa kwenyewe ni kudogo. Hiyo ni kanuni ya jumla na inaweza kupishana kwa saa nzima, lakini inatosha kukusaidia kuchagua wiki ukiwa Dodoma au Nakuru.

Na huhitaji chombo chochote kuitumia. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, kwa hiyo tarehe zake ni saa ya bahari. Mwezi mosi hadi mwezi nne, na tena kuanzia mwezi 15 hadi 18, ni bamvua. Karibu na mwezi 9 na mwezi 23 ni maji mafu. Tazama sikukuu zenyewe. Idd el-Fitr huwa mwezi mosi Shawwal, basi kila mwaka huangukia bamvua: asubuhi wakati wa mkono wa Idi bahari imetoka, na alasiri, vijana wakijaa Jomo Kenyatta Beach au Coco Beach, nayo bahari imejaa. Idd el-Hajj ni mwezi 10, kwa hiyo hukuta maji mafu au ndiyo kwanza yanaondoka. Hata Pasaka ina mwezi ndani yake. Huadhimishwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa majira yake, hivyo Ijumaa Kuu mara nyingi huwa ndani ya bamvua au siku chache tu baada yake. Anayepeleka watoto pwani wakati wa Pasaka asishangae kukuta asubuhi mbili tatu za kwanza ni za kutembea, na kuogelea ni baada ya chakula cha mchana.

Kwa saa kamili, mamlaka za bandari huchapisha jedwali la maji kupwa na kujaa la mwaka mzima, na programu za simu zinazotoa jedwali hilo bure ni nyingi. Tafuta bandari iliyo karibu na unakokwenda, andika saa za kila siku ya likizo yako kwenye karatasi moja, ukaitie kwenye pochi.

Lakini usidhani kupwa ni hasara. Mimi binafsi ningelipia zaidi asubuhi ya bamvua Jambiani kuliko jioni yoyote ya bwawa la kuogelea. Uwanda ukikauka unatembea kilomita nzima kuelekea mwamba, unapita mashamba ya mwani yaliyofungwa kwenye vigingi, kilimo ambacho kilishika Zanzibar tangu mwisho wa miaka ya 1980 na ambacho zaidi ni cha wanawake. Vidimbwini mna nyota wa bahari, kaa na samaki wadogo waliosahauliwa na maji. Mtoto wa miaka minne, ambaye hata hivyo hajui kuogelea, hapo ndipo mahali pake. Yale mafungu ya mchanga yanayotokeza katikati ya bahari, kama Nakupenda mbele ya Mji Mkongwe, huonekana maji yakipwa tu. Akija mtu kukuuzia safari ya huko, muulize kwanza maji yanatoka saa ngapi.

Kwa ufupi:
- Unayetaka kuogelea asubuhi ufukwe wenye uwanda mpana, chagua siku za mwezi nusu.
- Unayetaka kutembea mwambani au kwenda fungu la mchanga, chagua mwezi mwandamo au mwezi mpevu.
- Unayekwenda wiki nzima utapata vyote viwili. Panga tu kipi kianze.

Upepo ndio msimu

Bara mtu hugawa mwaka kwa mvua. Pwani mwaka hugawanywa na upepo, na mvua hufuata nyuma.

Kuanzia Desemba, wakati mwingine Novemba mwishoni, hadi Machi huvuma kaskazi, upepo mkavu wa moto kiasi unaotoka kaskazini mashariki. Huu ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kuanzia Aprili hadi Septemba huvuma kusi, kutoka kusini mashariki, wenye nguvu zaidi, na ndio uliokuwa ukiyarudisha. Kati ya pepo hizo mbili kuna wiki ambazo upepo unasitasita, bahari inalala. Ukijua hayo, miezi inajipanga yenyewe.

Januari na Februari ni kiangazi. Joto hupita nyuzi 30 mchana na usiku haupoi sana, lakini maji huwa maangavu na wanaozamia kutazama matumbawe hufurahi. Wiki ya kwanza ya Januari bado ina bei za Krismasi. Kuanzia katikati ya mwezi bei hutulia. Februari Mji Mkongwe huwa na tamasha la Sauti za Busara, na vyumba vya mjini huisha mapema. Machi upepo hufa, na joto lake wenyeji wenyewe hulilalamikia.

Aprili na Mei ni masika. Unguja Aprili ndiyo huwa na mvua nyingi zaidi, Mombasa ni Mei. Hoteli kadhaa za Lamu, Watamu na mashariki ya Unguja hufunga milango zipige rangi. Zilizobaki hushusha bei sana. Je, uende? Ukiwa na siku nne tu, hapana. Ukiwa na wiki mbili, kazi ya kufanya kwenye kompyuta na subira, unaweza kuishi kifalme kwa pesa ya mtumishi wa kawaida, maana mvua ya pwani mara nyingi humwaga usiku na alfajiri kisha jua likatoka. Barabara za udongo za vijijini ndizo zitakazokusumbua.

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Hewa ni nzuri kuliko wakati wowote, usiku unaweza kujifunika shuka, na mtu aliyezoea baridi ya Limuru au Mbeya hapa hateseki. Ila kusi limeshika. Nje ya mwamba mawimbi ni makubwa, boti hurusha watu, maji huchafuka kidogo na safari za mbali huahirishwa. Agosti shule za Kenya zimefunga na wageni wa Ulaya wako likizo, basi bei hupanda. Anayecheza na tanga la kuteleza juu ya maji, mchezo uliolijaza ufukwe wa Paje, huusubiri upepo huu kwa hamu.

Kwa asiyefungwa na shule, jibu langu ni kati ya katikati ya Septemba na mwisho wa Oktoba. Kusi limechoka, kaskazi halijaanza, maji yanaanza kung'aa, bei bado ni za wastani, na papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani asiyeuma mtu, huanza kuonekana karibu na Kilindoni, Mafia. Nyangumi wa nundu, waliopita tangu Julai, bado huonekana. Novemba vuli huingia, mvua fupi fupi zisizotabirika. Desemba unajua mwenyewe: umati.

Pwani ina pande

Mtu husema "nakwenda Zanzibar" kana kwamba ni mahali pamoja. Kisiwa cha Unguja kina mashariki na kaskazini, na vinatofautiana kama miji miwili.

Mashariki, kuanzia Matemwe, Kiwengwa na Pongwe hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, mwamba uko mbali na ufukwe, na kati yake ni uwanda. Huko ndiko maji hutoka hadi machoni yapotee. Kuna utulivu, vijiji vinavyoishi maisha yake, na alfajiri jua linachomoza juu ya bahari. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji ni ya kina karibu na mchanga, hivyo unaogelea karibu saa zote. Kendwa inatazama magharibi, kwa hiyo jua huzama baharini na kusi halikupigi usoni. Gharama yake ni kelele: muziki, mapapasi, yaani vijana wanaowaganda wageni wakiuza safari na bidhaa, na boti nyingi. Familia yenye vijana wa kubalehe iende kaskazini. Wazee waliotoka kustaafu waende Jambiani. Mwenye wiki nzima agawe: usiku mbili Mji Mkongwe, zilizobaki ufukweni, na asihame zaidi ya mara moja, kwani kufunga mabegi nako hula likizo.

Kenya, Diani ina mwamba unaoikinga karibu kwa urefu wake wote, hivyo hata kusi likivuma ndani hubaki pa kuogea, maji yakiwa yamejaa. Watamu na Malindi zina hifadhi za bahari zilizotengwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika. Hapo unakwenda kwa ajili ya samaki na matumbawe, na magofu ya Gedi, yaliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, yako hatua chache kwa bodaboda. Lamu ni habari nyingine kabisa. Hakuna magari vichochoroni, punda ndiye lori, na ufukwe wa Shela umeachwa wazi kwa bahari kuu bila mwamba, kwa hiyo mawimbi yake si ya mtoto. Lamu mtu haendi kuogelea tu. Anakwenda kukaa barazani.

Chumba, nyumba au gesti

Sasa chumba. Hoteli za pwani huuza kwa namna tatu: kulala na staftahi tu, kulala, staftahi na chakula cha usiku, au milo yote mitatu, na nyingine huongeza vinywaji. Wengi huvutiwa na milo yote, wakidhani wameokoa. Fikiria utakavyoishi kweli. Kama utakuwa Mji Mkongwe mchana ukila urojo, au Mombasa ukila mahamri na mbaazi kisha viazi karai jioni, chakula cha hoteli umekilipia kikaliwa na wengine. Kama uko Kiwengwa na mkahawa mwingine uko mbali kwa teksi, milo yote ni akili.

Familia kubwa ina njia bora ambayo watu wa Nairobi waliigundua zamani: nyumba ya kupanga yenye mpishi. Chukua mfano wa kubuni tu, uone hesabu inavyokwenda. Mko watu wazima 6 na watoto 2. Hoteli inadai shilingi 10,000 za Kenya kwa mtu mzima kwa usiku, mtoto nusu: mnalipa 70,000 kila siku. Nyumba ya vyumba vinne ni 24,000, mpishi 2,000, sokoni 10,000, tuktuk 2,000. Jumla 38,000, na mnakula mnachotaka. Mkiwa wawili tu, tofauti hiyo huyeyuka na kazi ya kufikiria sokoni inabaki.

Nyumba ya namna hii ina raha yake ya pekee. Mpishi wa Kidigo, Kigiriama au Kibajuni anajua mashua zinarudi saa ngapi na nani ana changu wabichi. Usimpe orodha kutoka Nairobi. Mpe pesa na umwambie tu nani hali pilipili. Nenda naye siku moja kwenye mnada wa samaki. Utajifunza zaidi pale kuliko kwa mwongoza watalii, na utaelewa kwa nini kolekole ni bei ile siku ya upepo mkali, wakati mashua hazikutoka.

Gesti za kijijini ni nzuri kwa kijana mmoja au wawili. Uliza tu maswali haya kabla hujatuma pesa, na yanafaa pia kwa nyumba na hoteli:

- Maji ya bombani ni baridi ya kunywa au ya kisima chenye chumvi? Visima vingi vya ufukweni vina chumvi, na wiki ya kuogea maji hayo si ya kila nywele.
- Umeme ukikatika kuna jenereta, na inaendesha feni au taa tu?
- Chandarua kipo kila kitanda?
- Kutoka kitandani hadi maji yakiwa yamejaa ni hatua ngapi? "Karibu na ufukwe" inaweza kuwa ng'ambo ya barabara kuu.
- Ufukwe mbele yake ni mchanga, au ni mawe na ngazi?
- Kuna ujenzi jirani?

Bei uliyoiona si lazima iwe yako. Hoteli nyingi, hifadhi na vivutio vina bei ya raia, ya mkazi na ya mgeni, na tofauti inaweza kuwa kubwa. Kitambulisho au kibali cha ukazi ndicho kinachokupa bei hiyo, na nakala ya simu wakati mwingine hukataliwa. Zanzibar pia kuna ada ndogo ya kila usiku kwa kila kichwa inayodaiwa mapokezini. Uliza kama imo ndani ya bei.

Njia na makaratasi

Treni ya reli ya kisasa kutoka Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, inakushusha Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, hivyo bajeti ya treni lazima iwe na teksi au matatu pande zote mbili. Desemba na Pasaka tiketi huisha mapema sana. Kwenda Diani unavuka kivuko cha Likoni, ambacho jioni ya sikukuu hufundisha subira, au unazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Dar hadi Unguja boti ya kasi huchukua kama saa mbili. Ndani ya boti, anayetapika akae chini, nyuma, karibu na katikati ya chombo, atazame mbali, na ale kidogo kabla. Tumbo tupu halisaidii, ingawa wengi huamini hivyo.

Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kutembeleana kwa vitambulisho vya taifa. Kuingia Tanzania bado ni pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Zaidi ya hapo, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hukubalika siku 10 baada ya kuchomwa na hudumu maisha, kwa hiyo aliyekumbuka Jumatatu kwa safari ya Ijumaa amechelewa. Tangu Oktoba 2024 wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar hutakiwa pia kuwa na bima ya safari inayotolewa huko huko. Mifuko ya plastiki iache nyumbani: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, Tanzania bara 2019, na visiwani mapema zaidi.

Malaria: mtu wa nyanda za juu hana kinga aliyo nayo mtu wa Kwale. Zungumza na daktari kabla, na ukirudi ukapata homa, mwambie ulikuwa pwani.

Mwenyeji naye ana ratiba

Pwani si hoteli kubwa yenye vijiji pembeni. Kinyume chake ndicho kweli. Ukienda mwezi wa Ramadhani, na mwezi huo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, mikahawa mingi ya Lamu na Unguja mjini hufunga mchana. Hotelini utakula, lakini usitembee na chupa ya maji mdomoni kichochoroni. Anayejua hilo mapema hupata zawadi: jioni, baada ya magharibi, mji mzima huwa mezani, na futari ya tambi, mihogo ya nazi, kaimati na uji wa pilipili manga haipatikani hivyo mwezi mwingine wowote.

Mavazi ya kuogelea ni ya ufukweni. Ukipanda juu kijijini au mjini, jifunge leso au kanga na vaa shati. Hakuna atakayekufokea, watanyamaza tu, na dukani utahudumiwa mwisho. Anza kila jambo kwa salamu: shikamoo kwa mkubwa, na habari za asubuhi hata kwa papasi unayetaka kumkataa. Papasi aliyesalimiwa vizuri na kuambiwa "leo hapana, kaka, ahsante" huondoka upesi kuliko aliyepuuzwa.

Picha za watu, hasa kina mama wa mwani, ni kwa ruhusa.

Siku zenyewe

Siku ya kwanza usipange kitu. Ya pili, asubuhi, tafuta mtu mmoja wa hapo, mvuvi au mlinzi mzee, umuulize mambo matatu: mkondo unapita wapi, mlango wa mwamba uko wapi, na wapi watu hawaogi. Mlango ni pengo ambapo maji ya ndani hutoka kwenda bahari kuu. Maji yakipwa, mkondo wa mlangoni humvuta hata muogeleaji hodari. Mkondo ukikushika, usipigane nao kurudi moja kwa moja. Kata ubavu, sambamba na ufukwe, mpaka ukuachie.

Anayetembea kwenda mwambani ageuke maji yanapoanza kurudi, si yanapofika magotini. Uwanda una mabonde, na maji huja kwanza nyuma yako. Vaa viatu vya plastiki vilivyofungwa. Kandambili hubaki topeni. Wadudu wenye miiba mirefu myeusi hukaa kwenye mawe na majani, na mwiba wao hukatikia ndani ya mguu. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Ukivimba au ukipata homa, zahanati.

Jua la hapa ni la wima. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba saa sita mchana hupita juu kabisa ya utosi Unguja. Ngozi nyeusi nayo huungua, hasa migongo ya watoto wanaotazama samaki wakielea kifudifudi. Shati la mikono mirefu majini ni bora kuliko mafuta.

Diani usiache ndizi mezani. Kima wa pale wanajua kufungua mlango wa kuteleza.

Kurudi

Siku ya mwisho huharibiwa na saa ya kutoka chumbani, ambayo kwa kawaida ni saa nne asubuhi, wakati ndege au treni yako ni ya jioni. Uliza siku moja kabla kama kuna chumba cha kuogea na mahali pa mabegi. Hoteli nyingi hazina shida ukiomba mapema, na nyingi hudai pesa ukiomba saa nne kasoro dakika tano.

Aliyezamia kwa mtungi wa hewa asipande ndege mpaka ipite siku nzima, saa 24, kwani hewa iliyoyeyuka mwilini akiwa chini hutoka vibaya angani. Hii ina maana kwamba kuzamia hupangwa mwanzoni mwa wiki.

Kombe kubwa, matumbawe na gamba la kasa utauziwa ufukweni kwa maneno matamu. Usinunue: kasa analindwa na sheria pande zote mbili za mpaka, na ukaguzi wa uwanja wa ndege unayajua mabegi ya watu wa likizo. Nunua achari, mabuyu, karafuu au kikoi. Achari uifunge kwa mifuko miwili ya kitambaa, wima, ndani ya begi la kupakiwa chini, kwa sababu la mkononi halitapita.